Miezi Sita ya Nani? Kulinganisha Matibabu Mawili Bila Kupotoshwa na Namba Moja

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado daktari kijana mwenye haraka ya kujibu kila swali, mwalimu mstaafu mwenye saratani iliyokwisha kusambaa aliniuliza amebakiwa na muda gani. Nilikuwa nimesoma juu ya ugonjwa wake usiku uliotangulia, na namba niliyoikuta kitabuni ilikuwa bado moto kichwani. Nikamjibu, "Kwa kawaida ni kama miezi sita, mama."

Nilidhani nimesema kweli, na kwa maana finyu nilikuwa nimesema kweli. Lakini familia ilisikia kitu kingine: ilisikia tarehe. Shamba la minazi liliuzwa upesi kwa bei ya mwenye shida. Mjukuu aliyekuwa akisomeshwa na bibi yake aliondolewa bweni ili aje kumuuguza. Mwezi wa saba ulifika na mama akiwa anajipikia mwenyewe. Miaka mitatu baadaye aliingia kliniki kwa miguu yake, akaketi, akaniuliza kwa upole uliouma kuliko ukali: "Daktari, mwanangu, ile miezi sita ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na pia ni ombi kwa wahudumu wenzangu na kwa wagonjwa: tujifunze kulinganisha matibabu kwa namna iliyo pana kuliko namba moja. Hisabati ya jambo hili ina jina zito, mpangilio wa kinasibu, lakini kiini chake kinaeleweka na yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni.

Kiasi kisichojulikana kabla ya wakati wake

Muda ambao mgonjwa ataishi baada ya kuanza tiba ni kile ambacho wanahisabati hukiita kiasi nasibu: kiasi ambacho thamani yake haijulikani mpaka tukio lenyewe litokee. Kabla ya hapo, tunachoweza kukijua ni mgawanyo wake tu, yaani katika wagonjwa mia wa aina hiyo, wangapi huvuka mwezi wa tatu, wangapi huvuka mwaka, wangapi huvuka miaka mitano.

Mwaka 1958, Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha njia ya kuchora mgawanyo huo hata pale ambapo baadhi ya wagonjwa bado wako hai, au wamepotea kabla ufuatiliaji haujakwisha. Mchoro wao, ambao katika makala hii nitauita mstari wa uhai, huanza juu kwenye asilimia 100 na kushuka kama ngazi kila mgonjwa anapofariki. Tafiti nyingi za matibabu ya saratani zinazochapishwa leo zina mstari wa namna hiyo.

Namba niliyomtajia mwalimu ilikuwa mediani, yaani namba ya katikati: siku ambayo nusu ya wagonjwa wamekwisha kufariki na nusu bado wako hai. Ni nukta moja tu katika mstari mzima. Haisemi lolote juu ya namna nusu ya kwanza ilivyotangulia, wala juu ya umbali ambao nusu ya pili ilifika.

Mwanasayansi wa Marekani, Stephen Jay Gould, aliligundua hilo akiwa upande wa pili wa meza. Mwaka 1982 aliambiwa kuwa ana mesothelioma ya tumbo, saratani ambayo mediani yake, kwa mujibu wa maandiko ya wakati ule, ilikuwa miezi minane. Kwa kuwa alizoea takwimu, alijiuliza maswali ambayo wagonjwa wengi hawapewi nafasi ya kuyauliza: nusu inayobaki baada ya miezi minane huishi hadi lini, na mimi nina sababu gani za kuwa katika nusu hiyo? Akaona kuwa mstari ulikuwa na mkia mrefu upande wa kulia, na kwamba umri wake na hali yake vilimpa matumaini ya kuwa ndani ya mkia huo. Alifariki mwaka 2002, miaka ishirini baadaye, kwa saratani nyingine.

Foleni mbili

Sasa tuje kwenye swali la kila siku kliniki: "Daktari, kati ya dawa hizi mbili, ipi ni bora?"

Tuseme wagonjwa watano walipewa dawa A na watano wengine dawa B. Tuwapange kila kundi kwenye foleni yake, aliyeishi muda mfupi zaidi mbele, aliyeishi muda mrefu zaidi nyuma. Foleni ya A ina miezi 3, 7, 12, 20 na 40. Foleni ya B ina miezi 2, 6, 12, 15 na 24. Tulinganishe wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, hadi mwisho. Katika kila nafasi, mtu wa A ameishi muda mrefu zaidi au sawa na mwenzake wa B. Hakuna nafasi hata moja ambayo B inashinda.

Hali hiyo ndiyo tunayoiita ubora wa kinasibu wa daraja la kwanza. Kwenye mchoro, mstari wa A hauendi chini ya mstari wa B mahali popote. Ikiwa madhara na gharama za dawa hizo mbili ni sawa, yeyote anayependa kuishi zaidi kuliko kuishi kidogo atachagua A, awe kijana au mzee, mwoga au jasiri. Mediani hapa ni ileile, miezi 12 kwa kila upande, na anayetazama mediani peke yake angesema dawa hizi hazina tofauti.

Wazo hili si geni katika tiba, ila tumelizoea bila kujua jina lake. Mwaka 1947, H. B. Mann na D. R. Whitney walitunga kipimo ambacho mpaka leo hutumiwa na wanafunzi wengi wa udaktari katika tasnifu zao. Swali walilokusudia kulijibu lilikuwa hilohilo: je, kiasi kimoja nasibu ni kikubwa kuliko kingine kwa maana hii ya kinasibu?

Hata hivyo, tahadhari moja ni muhimu. Ubora huu ni wa foleni dhidi ya foleni, si wa mtu dhidi ya mtu. Yule wa kwanza katika foleni ya A, aliyeishi miezi 3, ameishi muda mfupi kuliko watu wanne wa foleni ya B. Dawa bora haimwahidi mgonjwa fulani kwamba ataishi kuliko jirani yake. Inamwahidi foleni iliyo nzuri zaidi ya kusimama, bila kumwambia atasimama nafasi ya ngapi.

Mistari inapokatana

Laiti kila utafiti ungekuwa na foleni zilizonyooka namna hiyo. Mara nyingi mistari hukatana, na hapo ndipo namba moja inapoweza kuficha hatari.

Mfano ninaoutumia kufundisha ni utafiti uitwao IPASS, uliochapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 1,217 wa Asia ya Mashariki wenye adenokasinoma ya mapafu, ambao hawakuwahi kuvuta sigara au walivuta kidogo na kuacha, waligawanywa kwa nasibu. Kundi moja lilipewa vidonge vya gefitinibu, jingine likapewa tibakemikali ya kaboplatini na paklitakseli. Kilichopimwa ni muda ambao mgonjwa anaishi bila saratani yake kusonga mbele.

Mediani zilikuwa miezi 5.7 kwa vidonge na miezi 5.8 kwa tibakemikali. Kwa kuzitazama hizo tu, mtu angefunga jalada. Lakini baada ya miezi 12, waliokuwa bado hai bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa asilimia 24.9 upande wa vidonge na asilimia 6.7 tu upande wa tibakemikali. Mistari ilikuwa imekatana: mwanzoni tibakemikali ilikuwa juu, kisha, kuanzia karibu na mwezi wa sita, vidonge vikawa juu.

Mistari inapokatana namna hiyo, daktari makini hujiuliza kama hazijachanganywa foleni mbili katika moja. Ndivyo ilivyokuwa. Sampuli za uvimbe 437 zilipopimwa, 261 zilikutwa na mabadiliko katika jeni iitwayo EGFR. Kwa wenye mabadiliko hayo, mediani ilikuwa miezi 9.5 kwa vidonge dhidi ya 6.3 kwa tibakemikali. Kwa wasio nayo, vidonge vilitoa miezi 1.5 tu, na tibakemikali miezi 5.5. Kundi moja lilikuwa na mpangilio wake, na kundi la pili lilikuwa na mpangilio uliogeuzwa kabisa. Kuyachanganya kulizaa usawa wa uongo katikati.

Tuzingatie maana yake kwa mgonjwa. Anayepewa vidonge bila kipimo, kisha ikawa hana mabadiliko hayo, ananyimwa tiba inayomfaa katika miezi ambayo hataipata tena. Anayeanzishiwa tibakemikali bila kipimo, kumbe anayo mabadiliko, anabeba mzigo wa dripu na kukosa tiba inayomfaa zaidi. Kipimo cha jeni kiliingia katika matibabu ya saratani hii, na utafiti huu unaonyesha kwa nini mediani mbili zinazofanana hazitoshi.

Kwa anayeogopa hasara ya mapema

Kuna mistari inayokatana bila kuwepo kipimo cha kuwatenganisha wagonjwa. Upasuaji mkubwa ni mfano wa wazi: hatari iko siku za mwanzo, faida huja baadaye. Hapo hisabati inatupa daraja la pili la ulinganisho.

Rudi kwenye foleni. Kundi E liliishi miezi 9, 10, 12, 14 na 15. Kundi F liliishi miezi 2, 5, 12, 16 na 20. Hakuna aliye bora kwa daraja la kwanza, kwa kuwa E anashinda mbele ya foleni na F anashinda nyuma. Sasa tujumlishe kuanzia mbele, hatua kwa hatua. E inatoa 9, 19, 31, 45 na 60. F inatoa 2, 7, 19, 35 na 55. Jumla ya E inaongoza katika kila hatua. Tunasema E ina ubora wa daraja la pili: yeyote anayeuona mwezi wa kwanza kuwa na thamani kubwa kuliko mwezi wa arobaini, na anayechukia hatari ya kuondoka mapema, atamchagua E.

Lakini chukua kundi C lenye miezi 1, 2, 12, 36 na 60, dhidi ya kundi D lenye miezi 8, 10, 12, 14 na 16. Jumla za C ni 1, 3, 15, 51 na 111. Za D ni 8, 18, 30, 44 na 60. D anaongoza kwa hatua tatu, kisha C anampita. Hata daraja la pili halina hukumu hapa. Mediani ni moja, wastani unamsifu C, na mtu mwenye binti anayeolewa mwezi wa tano ana kila haki ya kumchagua D. Mama wa mtoto mchanga anaweza kuchagua C, kwa sababu anachokitaka ni nafasi ya kumwona mwanawe akianza shule.

Napenda kulisema hili bila kificho kwa wahudumu wenzangu: mipangilio hii inapokwisha bila jibu, kinachobaki ni maisha ya mgonjwa na anachokithamini. Kumchagulia kimyakimya kwa kutumia mediani ni kumnyang'anya uamuzi ambao ni wake.

Je, mstari wenyewe unaaminika kiasi gani?

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mistari yetu ni ya kweli kabisa. Sivyo. Kila mstari umechorwa kutokana na wagonjwa wachache, nao ni makisio tu ya mstari wa kweli ambao hatutauona kamwe. Bahati njema, ipo kanuni inayoweka mpaka wa kosa hilo. Iliwekwa mwaka 1956 na Dvoretzky, Kiefer na Wolfowitz, na kukamilishwa mwaka 1990 na Mfaransa Pascal Massart.

Inasema hivi: ikiwa wagonjwa wote wamefuatiliwa hadi mwisho, basi kwa uhakika wa angalau asilimia 95, mstari uliochorwa hautatofautiana na mstari wa kweli mahali popote kwa zaidi ya kiasi fulani kinachotegemea idadi ya wagonjwa peke yake. Kwa wagonjwa 25, kiasi hicho ni takribani pointi 27 za asilimia. Kwa 100, ni takribani pointi 14. Kwa 400, ni takribani pointi 7. Kupunguza kosa kwa nusu kunadai wagonjwa mara nne.

Kwa hiyo, mtu akikuletea mchoro wa tiba mpya wenye wagonjwa 25 kila upande, na mistari imeachana kwa pointi 15, usikimbilie kusema tiba moja imeishinda nyingine. Pengo hilo linaingia ndani ya ukungu wa mistari yenyewe. Hadhari hiyo inafaa zaidi kwa matangazo ya dawa yanayosambazwa kwa simu, ambayo mara nyingi hayana hata mstari, bali ushuhuda wa mtu mmoja.

Matukio ya nadra wodini

Mipaka ya makisio ina kazi nyingine muhimu kwa wauguzi na waganga wafawidhi: kuamua lini kuna jambo la kushtukia.

Mwaka 1898, Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha hesabu za askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika ripoti 200 za vikosi, kila moja ikiwa ya kikosi kimoja kwa mwaka mmoja, 109 hazikuwa na kifo, 65 zilikuwa na kimoja, 22 viwili, 3 vitatu na 1 vinne. Fomula iliyotolewa na Poisson mwaka 1837 inatabiri, kwa wastani uleule, takribani 109, 66, 20, 4 na 1. Hakukuwa na vikosi vyenye laana; idadi ilipanda na kushuka kwa bahati tu.

Tuseme wodi inahudumia wagonjwa 300 kwa mwezi, na kwa wastani mmoja hupata mzio mkali wa dripu. Kwa fomula hiyo, uwezekano wa mwezi kuwa na matukio matatu au zaidi ni takribani asilimia 8. Katika mwaka mzima, uwezekano wa kupata angalau mwezi mmoja wa namna hiyo ni takribani asilimia 63. Mwezi mmoja mbaya, peke yake, hautoshi kumshtaki muuguzi wa zamu.

Lakini wagonjwa hawafanani. Mwingine ana hatari kubwa kuliko mwenzake. Je, fomula bado inafaa? Mwaka 1960 Lucien Le Cam alithibitisha kuwa kosa la makisio haya halizidi jumla ya miraba ya hatari za wagonjwa mmoja mmoja. Ikiwa hatari zote kwa pamoja zinafikia 1, na hakuna mgonjwa mwenye hatari inayozidi asilimia 2, basi kosa halizidi asilimia 2. Sharti lake ni moja: matukio yasitegemeane. Chupa zote zikitoka katika kundi moja la dawa lenye hitilafu, sharti hilo limevunjika. Basi mzio wa watu watatu siku moja una uzito tofauti na mzio wa watu watatu waliotawanyika mwezi mzima. Tarehe na namba ya kundi la dawa vina haki ya kuandikwa kwenye rejesta kila mara.

Na sifuri nayo isitulaghai. Ikiwa wagonjwa 100 wamepewa dawa mpya na hakuna aliyedhurika, bado hatari ya kweli inaweza kufika karibu asilimia 3. Kanuni yake ni nyepesi: gawanya 3 kwa idadi ya wagonjwa.

Maswali ya kubeba kliniki

Mgonjwa, au ndugu anayemsindikiza, ana haki ya kuuliza haya, na mhudumu anapaswa kuwa tayari kuyajibu. Kwanza: namba uliyonitajia ni ya katikati? Wale waliovuka, walifika wapi? Pili: tiba hii iko juu tangu mwanzo hadi mwisho, au inaanza chini kisha inapanda? Tatu: kuna kipimo kinachoweza kuonyesha niko katika kundi lipi? Nne: mchoro huo ulitokana na watu wangapi, na walifanana nami?

Siku hizi mgonjwa akiniuliza amebakiwa na muda gani, huchukua karatasi na kuchora foleni ya watu kumi. Nawaonyesha wa mbele, wa katikati na wa nyuma, kisha nasema ninachokijua juu ya ugonjwa wake na nisichoweza kukijua. Huchukua dakika kumi badala ya sekunde kumi, na watu wa nje hugonga mlango.

Mwalimu wangu alifariki katika mwaka wa nne. Mjukuu wake alirudi shule, akiwa amechelewa madarasa mawili. Shamba halikurudi. Kama ningepata tena siku ile ya kwanza, ningemjibu hivi: "Miezi sita, mama, ni ya mtu aliyesimama katikati ya foleni. Wewe bado hatujui umesimama wapi. Tusiuze shamba leo."